Nyumba gani ya ndege inafaa bustani zetu za Pwani?

Kwenye vitalu vya miche kando ya barabara, katikati ya vyungu vya waridi na asumini, siku hizi hutakosa kuona vinyumba vya ndege vya kuuza. Vimepakwa rangi nyekundu na buluu, vina paa la mgongo, dirisha la kuchorwa, na mbele ya mlango kijiti cha ndege kutua. Watu wananunua. Nimeviona vikining'inia barazani Mombasa na Kilifi, na mara nyingi nikimwuliza mwenye nyumba kama kuna ndege aliyewahi kuhamia, jibu huwa ni kicheko. Vingine vimekaa miaka bila mpangaji. Vingine vimepata mjusi.

Si kwamba ndege wetu hawataki nyumba. Wanazitaka, na pengine wanazihitaji kuliko zamani. Lakini kinyumba kile kimeigwa kutoka picha za Ulaya. Uingereza kuna vindege vidogo vinavyozaa ndani ya matundu ya miti, na watu wa huko wana vipimo vyao kabisa: mlango wa milimita 25 kwa huyu, 28 kwa yule, 32 kwa shomoro, 45 kwa kwezi wa kwao. Vile vidogo kabisa hatunavyo kwenye bustani zetu. Kwa hiyo fundi wa hapa anayetoboa mlango mdogo kwa kufuata picha, hata akifanya kazi safi, amemjengea ndege anayeishi ng'ambo. Na yule anayetoboa mlango mkubwa ili kinyumba kipendeze amefanya jambo baya zaidi, kwa sababu nitakayoieleza.

Kiswahili chetu chenyewe kinatuchanganya kidogo hapa. Tundu ni shimo kwenye mti au ukutani, na tundu ni kile kizimba cha kumfungia kasuku au chiriku. Tunachozungumzia leo ni lile la kwanza: shimo ambalo ndege huingia na kutoka kwa hiari yake, akataga, akalea, akaenda zake. Anayetaka la pili ajue kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kukamata ndege pori na kumfuga bila kibali.

Tuanze na wale ambao hata ukiwajengea kasri hawataingia. Chozi, yule mdogo mwenye mdomo wa kupinda anayefyonza maua, hufuma kifuko kirefu akakining'iniza kwenye ncha ya tawi jembamba, wakati mwingine kwenye waya wa barazani karibu na watu. Mnana hufuma chake kwenye makuti ya mnazi, tena kwa makundi na kwa kelele. Tetere huweka vijiti vichache tu, vyepesi kiasi kwamba ukisimama chini ya mti unaweza kuyaona mayai kupitia sakafu. Shore hujenga kikombe katikati ya kichaka. Dudumizi, mtabiri wetu wa mvua, hujificha ndani ya majani mazito karibu na ardhi. Hawa wote ndio wengi wa bustani zetu, na nyumba yao ni kichaka. Ukiwapenda, fedha za kununua kinyumba nunulia miche ya bogenvilia au michongoma, uache isongamane pembeni mwa kiwanja, na usiikate wakati ndege wanaingia na kutoka na majani mdomoni. Kwa ndege hawa, kichaka chenye miiba kina ulinzi ambao mbao haiwezi kuutoa.

Sasa wale wanaotaka tundu. Wa kwanza, na ndiye ninayempa kipaumbele, ni kwezi mweusi wa Pwani, yule anayeng'aa kijani na buluu akipigwa na jua, mwenye macho ya manjano. Huja kwa makundi kwenye mpapai na mzambarau, na wengine humwona mwizi. Huyu hutaga ndani ya shimo la mti lakini mdomo wake hauwezi kuchimba. Hutegemea shimo lililochimbwa na kigogota au lililoachwa na tawi lililooza. Wa pili ni hudihudi mwenye kishungi, ndege aliyetajwa katika Qur'ani kwenye kisa cha Nabii Suleiman. Naye hutaga kwenye matundu ya miti na ya kuta. Wa tatu ni shomoro, ambaye hahitaji hisani yangu wala yako, maana pengo lolote chini ya paa linamtosha. Yuko pia kasuku wetu mwenye kichwa cha kahawia, anayetaga kwenye matundu ya mibuyu na minazi mikavu, ila huyo ni wa mashambani na karibu na misitu zaidi kuliko wa uani. Na yuko bundi, ambaye nitamrudia.

Hawa wamepata shida ya aina mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya miti. Shimo la kufaa ndege halipatikani kwenye mti mchanga. Linahitaji mwembe wa tangu enzi za mababu, mkwaju uliozeeka, mbuyu. Shamba likikatwakatwa kuwa viwanja, miti hiyo ndiyo ya kwanza kuangushwa, na mwarobaini uliopandwa mwaka juzi mbele ya geti hauwezi kuziba pengo hilo.

Ya pili ni kunguru. Yule mwenye shingo ya kijivu si wetu. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili asafishe taka, na kufikia mwaka 1947 alikwisha onekana Mombasa. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hakulishika, na badala yake amekula mayai na makinda ya wenyeji wake. Mwaka 2024 shirika la KWS lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru milioni moja, jambo linalokuonyesha tatizo limefika wapi. Mtu yeyote mwenye umri wangu anayekaa mjini anajua asubuhi zilivyokuwa na sauti, na anajua zilivyo sasa.

Ndiyo maana ninasema kinyumba kibaya ni hatari kuliko kutokuwa na kinyumba. Kwezi akitaga kwenye shimo la asili lililo jembamba na refu, kunguru hawezi kuyafikia mayai. Akitaga ndani ya kisanduku chenye mlango wa kupitisha ngumi na sakafu iliyo karibu na mlango, mayai yamewekwa kwenye sahani. Na kile kijiti cha mapambo mbele ya mlango kinamfaa kunguru peke yake. Ndege wa kwenye matundu ana kucha za kushika ubao, hana haja ya ngazi. Anayehitaji pa kusimama huku akichungulia ndani ni adui. Kama umekwisha nunua kinyumba chenye kijiti, king'oe leo na uzibe kijishimo kilichobaki.

Vipimo basi. Kwa kwezi, mlango uwe wa duara wa sentimita 4.5, na usizidi 5. Sakafu sentimita 15 kwa 15. Urefu wa ubao wa mbele sentimita 35 hadi 40, na mlango uwe juu, kiasi kwamba kutoka ukingo wake wa chini mpaka sakafuni kuna sentimita 20 au zaidi. Kina hicho ndicho kinachomkatisha tamaa kunguru hata akiingiza mdomo. Ubao uwe mnene, sentimita 2 au 2.5. Upande wa ndani chini ya mlango ukwaruzwe kwa msumeno ili makinda yapate pa kukwea siku ya kutoka, maana kuta laini zimeua makinda wengi waliokomaa wakashindwa kupanda. Kwa hudihudi ongeza mlango ufike sentimita 5.5 au 6, ukijua kwamba kila unavyoongeza ndivyo unavyomkaribisha adui. Pia ujue kwamba makinda wa hudihudi wananuka. Si kunuka kwa mchezo: hutoa majimaji ya harufu mbaya kwa makusudi ili kumfukuza anayewasogelea. Usiweke kinyumba chao karibu na dirisha la chumba cha kulala kisha ukanilaumu.

Ukitoboa mlango wa sentimita 3.2 atakayeingia ni shomoro tu. Kama ndiye unayemtaka, sawa, ana furaha yake. Ila shomoro wa mjini, yule ambaye dume lake lina koo jeusi, naye ni mgeni aliyeingia kupitia bandari, na hana uhaba wa makazi. Mimi sitamtumia ubao wangu.

Linalosahaulika kabisa kwenye vile vinyumba vya kuuza ni joto. Ulaya kinyumba hutengenezwa kikiwa kimezibwa ili baridi isiingie. Hapa kwetu, mwezi wa Februari saa nane mchana, kisanduku kilichozibwa ni tanuri. Paa la bati ndilo baya kuliko yote, na debe la mafuta lililotobolewa mlango, ambalo nimeliona likitumika zaidi ya mara moja, lisitumike kabisa. Kinda hana manyoya wala hawezi kutoka. Paa liwe la ubao mnene, na juu yake ufunge kipande cha kuti, kama tunavyofanya kwenye vibanda vyetu wenyewe, kwa sababu hiyo hiyo. Chini kidogo ya paa, pande mbili, acha mwanya wa upana wa kidole kidogo ili hewa moto itoke. Kwenye sakafu toboa matundu manne ya unene wa penseli, yaliyo pembeni, maji yakiingia yapate njia. Paa litokeze mbele angalau sentimita 7.

Mbao usihangaike kununua mpya. Nenda kwa fundi wa milango umwombe mabaki. Vipande vya mwembe, mvinje au mnazi vinafaa, na mabaki ya mbao ngumu ni bora zaidi ukipata. Plaiwudi usiiguse: msimu mmoja wa unyevu wetu na inafumuka kama kitabu kilicholowa. Rangi, kama lazima upake, iwe nje tu na iwe nyepesi, nyeupe au ya mchanga, maana rangi nzito hunywa jua. Ndani kusipakwe chochote. Nasisitiza hili kwa sababu tuna mazoea ya kupaka oili chafu kila ubao tunaotaka usiliwe na mchwa. Kwenye nguzo ya ua haina neno, lakini ndani ya kinyumba ni sumu juu ya ngozi ya kinda. Misumari ya kawaida, karibu na bahari, huoza kabla ya mbao, kwa hiyo tumia skrubu zisizoshika kutu. Ubao mmoja wa pembeni ufungwe kwa skrubu mbili tu, uweze kufunguka wakati wa kusafisha.

Ukitaka njia ya mkato, mtafute mchonga mizinga. Ule mzinga wa gogo wanaotundika wenyeji wa Kilifi na Kwale kwa ajili ya nyuki, ukikatwa mfupi, ukawekwa wima, ukazibwa juu na chini na kutobolewa mlango, unashinda kisanduku chochote. Kuta zake ni nene, hazipitishi joto, ndani ni mviringo kama tundu la asili. Kibuyu kikubwa kilichokauka nacho kinaweza kutumika mahali penye kivuli kizito, ila hakidumu sana.

Kuhusu njiwa, kuna jambo la kutenganisha. Wazee wetu walijua kuwajengea njiwa masanduku juu ya mapaa na kwenye kuta za ua, na kazi hiyo inaendelea. Lakini njiwa wa kufuga ni mkubwa, mlango wake ni mpana, na yeye mwenyewe anakaa karibu na watu wanaomlinda. Kuchukua sanduku la njiwa lililobaki na kulitundika kwenye mti kwa ajili ya ndege wa porini ni kumpa kunguru nyumba.

Mahali pa kuweka pana uzito sawa na vipimo. Mvua zetu kubwa za mwaka huja na kusi, zikitokea upande wa kusini-mashariki, tena kwa kulala. Mlango ukielekea huko, maji yanaingia moja kwa moja. Ukielekea magharibi, jua la alasiri linapiga ndani. Ninachopendelea mimi ni kuelekeza mlango kaskazini au kaskazini-mashariki: kaskazi inavuma kutoka huko, lakini ni upepo mkavu na haudhuru kitu, tena unapoza. Kinyumba kiwe ndani ya kivuli cha mti, kimeinama mbele kidogo, kimefungwa imara kwenye shina au ukutani. Kile cha kuning'inia kwa mnyororo na kubembea kinapendeza machoni pa watu tu. Urefu wa mita 3 hadi 5 unatosha. Usifunge kwa waya unaozunguka shina zima, mti ukinenepa utajinyonga. Tumia kamba pana au skrubu moja.

Paka wetu, hasa kwa ndugu zetu wa Lamu ambako paka ni wenye mji, wanahitaji kuzuiwa: kipande cha bati laini kikizungushwa kwenye shina chini ya kinyumba, upana wa nusu mita, humfanya ateleze. Bati hapo lina kazi nzuri. Ukukwi yeye hupita kwenye matawi, kwa hiyo kata vitawi vinavyogusa kinyumba. Majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mwembe, wakishaumiliki mti, usipoteze muda wako, chagua mti mwingine. Na kama unakaa Diani, kima atakifungua kinyumba chako siku ya kwanza akikiona kimelegea. Huko weka ukutani, mbali na matawi.

Usiweke mikate wala wali karibu na kinyumba. Nia ni njema, lakini anayekuja kula wali ni kunguru, na akishazoea kiwanja chako atayajua yote yaliyomo. Maji kwenye sahani ya udongo, yakibadilishwa kila siku ili mbu asizae, yanatosha kuwavuta wale unaowataka. Mifuko ya taka yenye matumbo ya samaki ifungwe. Hili la taka, kusema kweli, lina nguvu kuliko kinyumba chochote, na halimhusu mtu mmoja.

Nilisema nitamrudia bundi. Ninayemzungumzia ni yule mweupe mwenye uso kama moyo, anayelala kwenye madari ya majumba ya zamani. Najua wengi wetu tukimsikia usiku tunasoma dua, na kuna nyumba ambazo ukitaja kumjengea bundi utaulizwa kama una akili timamu. Lakini huyu anakula panya usiku kucha. Malaysia, kwenye mashamba ya michikichi, humwekea masanduku makusudi apunguze panya. Sanduku lake ni kubwa, si chini ya sentimita 45 kwa 60, na mlango wa sentimita 15, likiwekwa juu ndani ya ghala au chini ya paa la banda, gizani, ambako kunguru hamsumbui mchana. Sharti ni moja. Kama wewe au majirani zako mnatumia sumu ya panya, msimlete. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo, huzubaa, na bundi huokota huyo huyo.

Mnazi mkavu nao una maneno. Mnazi uliokatika kichwa, ukabaki shina tupu, ndio nyumba bora ya ndege katika Pwani yote. Kigogota huutoboa, kisha kwezi na kasuku hurithi. Mwenye kiwanja kisicho na minazi mingine karibu, na shina likiwa halitishii kuangukia mtu, aupunguze urefu na kuuacha. Lakini mkulima wa minazi hawezi kufuata ushauri huo, maana shina linalooza ndimo anamozaliana yule mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha minazi mizima. Mkulima huyo ana haki ya kuliondoa, na hapo ndipo gogo la kuchonga au kisanduku cha mbao kinapopata kazi yake halisi: anaondoa shina moja, anatundika nyumba mbili kwenye mwembe ulio jirani.

Ukishatundika, acha. Usipande kila Ijumaa kuchungulia. Ndege anaweza kukikagua kinyumba msimu mzima kabla ya kukiamini. Wakitokea nyuki badala yake, usiwachome moto, mwite mfuga nyuki. Akiingia komba mdogo, yule mwenye macho makubwa, mwache pia, naye amekosa mti. Baada ya makinda kuondoka, subiri wiki mbili, fungua ule ubao wa pembeni, utoe kiota cha zamani chenye utitiri, umwagie maji ya moto, uanike juani siku moja, kisha ukifunge tena. Kikikaa misimu miwili mitupu, kihamishie upande mwingine wa kiwanja, na kabla ya kukitundika tazama kwanza ni mti gani kwezi wanapenda kutua jioni.